Upande wa Vizibo Kifudifudi

Kwa miaka kumi na tisa fundi wa makochi alimwita kaka wa mkewe "shemeji", na kwa miaka hiyohiyo kumi na tisa kaka wa mkewe alimwita "fundi". Si kwamba walikuwa na ugomvi. Walikula meza moja, waliuguzana, walibebeana makabati. Lakini neno lenyewe, shemeji, mzee yule hakulitoa, na fundi alijua fika sababu yake.

Siku alipokwenda kujitambulisha nyumbani kwa kina mchumba wake, kijana mwembamba mwenye gundi hadi kwenye kope, alimkuta kaka mtu sebuleni na ubao wa drafti mapajani. Kaka mtu akamtazama juu mpaka chini, akamwambia mbele ya watu wote: "Siku utakayonifunga ndiyo siku nitakayokuita shemeji." Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, maana mtaani kwao alijiona moto wa kuotea mbali, na mchezo wa kwanza akafungwa kabla chai haijapoa. Watu wakacheka zaidi. Mke alipewa, tena kwa moyo mweupe. Neno ndilo alilonyimwa, na utani ule ukaota mizizi.

Tangu hapo walicheza kila Jumapili alasiri. Mara mbili tu walitoka sare, na mojawapo ni kwa sababu paka alipita juu ya ubao. Nyingine zote fundi alifungwa. Alifungwa akiwa na homa, alifungwa akiwa mzima kama kigongo, alifungwa siku aliyoapa kutofungwa.

Kaka mtu alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sokoni na sanduku la mawe ya shaba, kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli, na wauzaji walimwita Bwana Kilo, wengine kwa heshima, wengine wakiwa na sababu zao. Kete zake za drafti zilikuwa vizibo vya soda kama za watu wote. Tofauti ni kwamba yeye alivipima vyote ishirini na vinne, akatupa kilichozidi na kilichopungua, akavitunza kwenye mkebe wa biskuti. Vizibo kumi na viwili vililala chali, tumbo jeupe likiangalia dari. Hizo ndizo kete nyeupe, na zilikuwa zake daima. Kumi na viwili vililala kifudifudi, rangi juu; hizo ndizo kete nyeusi, na zilikuwa za mgeni. Tangu mke wa Bwana Kilo afariki, miaka saba iliyopita, fundi na mke wake walipofika waliukuta ubao umeshapangwa, chupa ya chai iko mezani, na mwenyewe amekaa anautazama mlango.

Jumapili moja, baada ya kumfunga fundi kama kawaida, Bwana Kilo alisafisha koo.

"Nastaafu," alisema. "Na nyumba nimeshapata wa kuikodisha. Nahamia kwa binti yangu."

"Lini, kaka?" mke wa fundi aliuliza.

"Bado Jumapili kumi na mbili."

Kwa binti yake kulikuwa mbali, safari ya siku mbili barabarani. Mke wa fundi aliinamisha kichwa, akakunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Fundi alisikitika pia, tusimwonee. Ila chini ya sikitiko lake kulikuwa na hesabu ndogo iliyokuwa inapigwa kimyakimya: kumi na mbili. Baada ya hapo angekufa akiitwa fundi.

Wiki hiyohiyo mteja mmoja, muuza dawa wa barabara ya pili, alishusha kiti cha mtu mmoja mbele ya karakana. Kiti kilikuwa kimechoka kabisa, springi moja imetoboa kitambaa na kuchungulia nje.

"Shemeji yako kaniambia nisikipeleke kwingine," muuza dawa alisema. "Yule wa mizani."

"Karibu sana," fundi alisema, na moyoni akafikiri, huyu ana adabu kumshinda mwenyewe. Wateja wa namna hiyo walikuwa wakija miaka yote. Wote walitamka shemeji bila kukwama, kwa sababu watu huita undugu kwa jina lake, na fundi hakuona cha kuuliza.

Kila fundi wa makochi anajua kwamba kochi humeza. Hukuti kochi kuukuu bila kalamu, kitana, soksi ya mtoto, ufunguo wa kabati lililokwisha kuuzwa. Ndani ya kiti kile, kati ya sponji na gunia la chini, fundi alikuta kijitabu kisicho na jalada, kimekatika mgongo vipande viwili. Alikifungua akiwa amechuchumaa. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya ubao wa drafti, kete chache zimechorwa juu yake, na chini ya kila picha maneno yaleyale: *Nyeupe inaanza na kushinda.* Picha zilikuwa mia mbili. Majibu yalikuwa kwenye kipande cha pili.

Muuza dawa alipopigiwa simu alisema kilikuwa cha marehemu baba yake, yeye hachezi, fundi akichukue tu. Fundi akakichukua kama mtu aliyepewa dawa ya ugonjwa wake.

Kazi ya makochi ina mapumziko yake. Ukishapaka gundi kwenye mbao na kwenye sponji, huigusi kwanza. Unaiacha ishike, dakika ishirini hivi, ndipo unabandika. Miaka yote dakika hizo fundi alizitumia kunywa maji na kulaumu serikali. Sasa alizitumia vingine. Alikata kipande cha mbao laini iliyobaki kwenye kazi ya kabati, akachora miraba sitini na minne, akaokota vizibo vyake mwenyewe, visivyopimwa, na kila gundi ilipopakwa alipanga fumbo moja juu ya meza ya kukatia.

Mkewe, ambaye ndiye aliyekata na kushona vitambaa vya makochi, alikaa upande wa pili wa meza hiyohiyo na cherehani yake. Kipande cha majibu alikishika yeye.

"Nipe hicho, nitakiweka kabatini," fundi alimwambia siku ya kwanza.

"Kitakaa hapa," mkewe alisema, akakiweka chini ya mkasi. "Nakujua. Utachungulia."

"Mimi?"

"Wewe. Hata chungu kikiwa jikoni hukai bila kufunua."

Basi ikawa hivyo. Fundi alitazama ubao mpaka gundi ikashika, akasema jibu lake, na mkewe akainua mkasi na kusoma. Mwanzoni aliambiwa "siyo" mpaka akalichukia neno hilo. Ikabidi ajifunze upya kitu alichodhani anakijua. Kwenye drafti kula si hiari. Kete ya mwenzako ikiwa mbele yako, na nyuma yake pako wazi, unakula, upende usipende. Ndiyo maana mtu anaweza kukutolea kete yake bure. Anajua utaila, na ukishaila utakuwa umesimama pale anapokutaka. Fundi alilijua hilo tangu utoto. Lakini alilijua kama mtu anavyojua kwamba maji yana kina, bila kuwahi kuzama.

Mafumbo yote mia mbili yalikwisha baada ya wiki tatu, maana msimu ule kazi zilikuwa nyingi na gundi ilikuwa inapakwa asubuhi hadi jioni. Akarudia tangu mwanzo. Mara ya pili yalichukua wiki moja. Mara ya tatu alikuwa hafikirii tena. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye msumari usiouangalia. Namba kumi na tisa, toa ya pembeni. Namba arobaini, ngoja, usile kwanza pale. Namba sitini na nne ndiyo aliyoipenda kuliko zote: toa moja kushoto, toa ya pili katikati, kula tatu kwa mpigo mmoja, fika mstari wa mwisho uwe kingi. Aliipanga hata pale ambapo haikuwa zamu yake, kwa raha tu.

"Umeipanga tena?" mkewe alimwuliza.

"Nzuri."

"Nzuri kwa nani? Huyu wa upande wangu kila siku analiwa tatu."

Fundi alicheka, akarudi kwenye sponji yake. Laiti angesikiliza.

Jumapili zilianza kupungua, na ajabu ni kwamba alizidi kufungwa vibaya. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mafumbo, basi akawa anaona fumbo kila mahali. Alitoa kete kushoto akasubiri muujiza. Muujiza haukuja, na kete haikurudi. Alizitoa kama mtu anayegawa peremende.

"Fundi," Bwana Kilo alimwambia Jumapili ya nne, akikusanya kete za bure, "unaumwa?"

"Siumwi, shemeji."

"Basi leo una ukarimu."

Jumapili ya sita alijizuia. Alicheza kwa utulivu, hakutoa kitu ovyo, na nusu saa ilipopita kete zilikuwa sawasawa, tisa kwa tisa. Aliona nafasi wazi katikati ya ubao, nafasi inayokaribisha kabisa, akasukuma kizibo chake kifudifudi hadi pale.

Nyuma yake mkewe alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndogo tu, ya mtu aliyeona glasi ikielekea ukingoni mwa meza. Fundi aliisikia, asielewe.

Bwana Kilo alitoa moja upande mmoja. Fundi akala, maana kula ni lazima. Bwana Kilo akatoa ya pili katikati. Fundi akala. Kisha Bwana Kilo akainua kizibo chake chali, akakirusha tap, tap, tap, juu ya kete tatu, kikatua kwenye mstari wa mwisho. Akachukua kizibo kingine na kukiweka juu yake.

"Kingi," alisema kwa upole.

Fundi aliutambua mpigo ule. Ilikuwa namba sitini na nne. Namba sitini na nne yake mwenyewe, kipenzi chake, aliyoipanga zaidi ya mara thelathini, na alikuwa ameingia mwenyewe kwa miguu yake.

Jumatatu asubuhi, gundi ya kwanza ilipopakwa, hakugusa ubao. Mkewe alishona mshono mzima, akaukata uzi, ndipo akamtazama.

"Jana uliona," fundi alisema.

"Niliona."

"Kabla yangu."

"Kabla hujaachia kizibo."

Iliuma, tuseme ukweli. Iliuma kuliko kufungwa kwenyewe. Mtu amesoma mwezi na nusu, na aliyeona ni mshona foronya ambaye hajawahi kusukuma kete maishani mwake; kaka yake alimwambia tangu utoto kwamba kelele zake zinavuruga mchezo.

"Umejulia wapi?" alimwuliza, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Hapahapa." Mkewe aliuonyesha ubao kwa ncha ya mkasi. "Wewe unakaa huko, kwa anayeshinda. Kila siku. Mimi nimekaa huku kwa anayeliwa. Nimeliwa mara mia sita kwenye meza hii na hakuna aliyenipa pole. Sasa nyumbani kwa kaka, vizibo chali ni vya nani?"

"Vyake."

"Na wewe unapewa vipi?"

Fundi alivitazama vizibo vilivyokuwa mezani. Miaka kumi na tisa hakuwahi hata mara moja kupewa vizibo chali, na mwezi na nusu mzima alikuwa amejifunza kushinda navyo.

Alicheka. Alianza kidogo, kisha akashika tumbo, mpaka jirani muuza mbao akachungulia kuuliza kuna nini. Mkewe naye akashindwa kujizuia. Gundi ilikauka kupita kiasi siku hiyo, ikabidi ipakwe upya.

Baada ya hapo waliuzungusha ubao. Mkewe alishika vizibo chali na yeye alikaa kwenye kifudifudi, na kila fumbo alilolijua kama kiganja chake likawa geni. Alilitazama kutoka huko aliko anayeliwa, akajaribu kulitambua kabla halijampiga. Ilikuwa kama kuangalia mtaa wako kutoka juu ya paa la jirani. Siku za kwanza aliliwa kama mtoto, na mkewe alikula kwa furaha isiyofichika.

"Tatu," alisema, akizipanga pembeni moja moja. "Pole, mume wangu."

"Hizo pole zako zina meno."

"Nimezitunza siku nyingi."

Siku ya nne au ya tano mkewe aliuliza swali ambalo kijitabu hakikuwa nalo. Walikuwa kwenye namba mia na kumi na saba. Alikuwa ameinamia ubao, uzi mdomoni.

"Huyu anayeliwa," alisema, "alifikaje hapa?"

"Vipi?"

"Picha inaanza akiwa ameshakosea. Alikosea lini? Hatua iliyotangulia alisukuma ipi?"

Fundi alifikiri, akarudisha kete moja nyuma. Wakatazama. Halafu wakaona wote wawili. Palikuwa na nafasi moja tamu, nafasi ambayo mtu yeyote mwenye macho angeingia, na mwenye nyeupe ndiye aliyeiacha wazi makusudi. Fumbo lilikuwa limeanza hatua moja kabla ya picha.

Basi ikawa ndiyo kazi mpya. Kila fumbo walilitatua, kisha wakalirudisha hatua moja, wakati mwingine mbili, wakatafuta mlango ulioachwa wazi. Wengine wangechoka. Wao walibishana, wakanuniana, wakasameheana, wakashona na kubandika katikati yake. Kuna asubuhi gundi ilikuwa imeshashika na fundi akasema bado. Miaka kumi na tisa walikuwa wamekaa meza moja, yeye akipigilia misumari, mkewe akishona. Sasa fundi aligundua kwamba anaamka na hamu ya kufika kazini. Alimwambia hivyo mkewe waziwazi, na mkewe akasema, "Nyamaza, zamu yako."

Jumapili zilizofuata alifungwa bado, ila kwa shida. Jumapili ya tisa mchezo ulichukua saa mbili. Jumapili ya kumi walitoka sare, bila msaada wa paka. Bwana Kilo aliutazama ubao kwa muda mrefu, akavirudisha vizibo kwenye mkebe kimoja kimoja.

"Umepona," alisema.

Jumapili ya mwisho sebule ilikuwa tupu nusu. Mapazia yameshushwa, kabati la vioo halina kitu, mawe ya shaba yamefungwa kwenye magazeti. Mke wa fundi alikuwa kwenye kona akiziba maboksi kwa karatasi ya gundi. Katikati ya vitu vyote vilivyofungwa kulikuwa na stuli, na juu ya stuli ubao, umeshapangwa. Gari la mizigo lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi.

"Kaa, fundi," Bwana Kilo alisema.

Walianza. Kwa nusu saa kulisikika vizibo tu na karatasi ya gundi ikivutwa, kraaa, na kukatwa. Kisha, katikati ya ubao, nafasi ikafunguka. Fundi aliitambua kama mtu anavyomtambua mwizi aliyewahi kumwibia. Ilikuwa sitini na nne, imekaa inamngoja, imevaa nguo zilezile za Jumapili ya sita. Akaipita. Alisukuma kizibo cha pembeni, kizibo kisicho na habari yoyote.

Bwana Kilo aliinua nyusi.

Huko kwenye kona karatasi ya gundi ilinyamaza, kisha ikaendelea.

Ndipo fundi akaanza kazi yake. Hakuwa na haraka. Hatua ya kwanza aliurudisha moyo mahali pake. Ya pili aliacha pengo upande wa kulia, dogo, kama mtu aliyesahau. Ya tatu alijifanya anataka kulifunga. Bwana Kilo, aliyetumia maisha yake kukamata mizani inayodanganya, alilitazama pengo lile, akalipima, akaona lina kilo kamili. Akaingia.

Namba mia na kumi na saba. Kutoka upande wa vizibo kifudifudi.

Fundi alitoa moja. Bwana Kilo akala, na alipokuwa anaiondoa kete ubaoni mkono wake ukapunguza mwendo, kwa sababu hakuwa mjinga. Lakini kula ni lazima. Fundi akatoa ya pili. Bwana Kilo akala. Fundi akainua kizibo chake kwa mikono miwili, akala moja, akala ya pili, akala ya tatu, akatua mstari wa mwisho. Akakosa nguvu ya kusema kingi.

"Kingi," mkewe alisema kutoka kwenye kona.

Walicheza hatua sita zaidi, kwa heshima tu. Kisha Bwana Kilo akakunja mikono kifuani, akautazama ubao, akamtazama dada yake, akautazama ubao tena.

"Haya," alisema. "Umenifunga, shemeji. Panga tena."

Fundi alikuwa amelingoja neno hilo miaka kumi na tisa. Alikuwa amejichorea picha: mzee angemeza mate, angekwama, angelitoa kwa taabu kama jino. Na sasa limepita, jepesi, laini, kama neno linalotumika kila siku. Hakuelewa.

"Mbona umelisema kirahisi hivyo?"

"Lipi?"

"Shemeji."

Bwana Kilo alimshangaa. "Kwani nimeanza leo? Muuza dawa nilimwambia aende kwa nani? Yule mama wa duka la vyombo? Na yule wa benki mwenye makochi manane? Niliwaambia waende kwa fundi? Mafundi wamejaa mjini. Niliwaambia, pelekeni kwa shemeji yangu."

Fundi alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ameinamia boksi, mabega yanamcheza kwa kicheko, na alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Na wewe ulijua?"

"Ningekuambia ungeacha kucheza."

"Sasa kwa nini mimi mwenyewe..." Fundi alishindwa kumaliza.

Bwana Kilo alikuwa anavigeuzageuza vizibo. Hakumtazama usoni.

"Ningekuita tangu siku ya kwanza," alisema, "ungekuja kila Jumapili?"

Fundi alifikiria kusema ndiyo. Halafu akayakumbuka makochi yaliyokuwa yakimngoja, na marafiki, na uvivu wake mwenyewe, akaona hapa si mahali pa uongo. Akaiona chupa ya chai iliyokuwa tayari kila walipofika, miaka saba, na mzee aliyekaa akiutazama mlango. Alifurahi, na palepale akahuzunika, na vyote viwili vilimjaa kwa pamoja akawa hajui afanye nini na mikono yake. Basi akafanya alichoambiwa. Akapanga tena.

Mchezo wa pili alifungwa. Wa tatu, Bwana Kilo alisimama, akamvuta dada yake mkono kutoka kwenye maboksi, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, upande wa vizibo chali.

"Na huyu sasa," alisema, "maana nimemsikia akipumua."

Jumapili iliyofuata hawakuwa na pa kwenda. Walifungua karakana bila sababu, wakaketi. Mkebe wa biskuti ulikuwa juu ya meza ya kukatia, umeachwa kwao na vizibo vyote ishirini na vinne. Saa kumi kasoro simu ya fundi ililia. Ulikuwa ujumbe wenye picha: karatasi ya miraba, iliyochorwa kwa rula na mtu asiyekubali mstari kupinda, kete saba nyeupe na kete sita nyeusi, na chini yake maandishi.

*Shemeji, nyeusi inaanza na kushinda. Una wiki moja. Usimwulize dada.*

Mkewe alikuwa ameshaanza kuvipanga.